Nyumba Iliyokwama Siku ya Kuhesabiwa

Tangu awe mtu mzima, Filidor Chiguay hakuwa amehesabiwa hata mara moja, na mtu pekee aliyeliona hilo kuwa jambo la kuzungumzwa alikuwa mkewe, Baldramina. Jamhuri ya Chile ilimkosa mara tatu. Ukiwa mtu wa haki utakubali kwamba kosa halikuwa la jamhuri.

Mara ya kwanza walikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, naye alikuwa amekwenda visiwa vya kusini kukata miti ya sipresi, kule ambako hata padri hafiki. Mara ya pili alikuwa Patagonia akikata manyoya ya kondoo, na hapo bahati yake ilivuka mpaka kwa maana zote: mwezi wa tano Waargentina walipohesabu watu wao, yeye alikuwa upande wa Chile, mwezi wa kumi na moja Chile ilipohesabu wake, alikuwa ameshapenya waya wa mpaka kuingia Argentina, kwa kuwa huko kondoo walikuwa bado na manyoya. Mara ya tatu alikuwa njiani kurudi, ndani ya meli iliyozuiwa mbele ya bandari kwa sababu ya mpishi mwenye ndui. Aliviona vilima vya Chiloé, kisiwa chetu, kwa macho yake. Karani aliyetumwa kuwahesabu melini naye aliwaona wao kwa macho yake, kwa mbali, akageuza mtumbwi.

Kila aliporudi, Baldramina alimwekea kibuyu cha chai ya yerba na kumpa habari kwa mpangilio uleule: nani amekufa, nani amezaliwa, viazi vimetoka magunia mangapi, na mwisho kabisa lile moja.

"Serikali ilipita. Wakauliza tuko wangapi humu ndani. Nikawaambia mmoja."

Mungu hakuwajalia watoto, kwa hiyo lilikuwa jibu sahihi. Filidor alikuwa akicheka mpaka chai inamwagika.

"Kwa hiyo mimi ni mzimu?"

"Mzimu ana nafuu, mume wangu. Mzimu hurudi kila usiku."

Wakacheka hivyo miaka thelathini na mitano. Kisha mwanzoni mwa mwaka huu wa 1920 habari ikafika kwamba Desemba kutakuwa na sensa nyingine, na Baldramina, ambaye tayari alikuwa akikohoa, alikaa kitandani akasema bila kucheka, "Safari hii utakuwepo. Nataka nimwone karani akiandika wawili. Na nyumba hii uivushe mto uipeleke kwetu Cholhue. Nimeishi kwenu Rilqueo tangu nilipoolewa. Sasa nyumba ije kwetu."

Filidor aliahidi yote mawili. Mwezi wa saba, katikati ya mvua, Baldramina akafariki, wakamzika Cholhue kando ya kanisa, naye akarudi kuvuka mto akiwa na ahadi mbili, moja imekatika nusu. Ile nusu iliyobaki aliishika kama mtu anavyoshika kamba. Atakuwepo. Hata kama itaandikwa mmoja, ataandikwa akiwa ndani ya nyumba yake, mlango wazi, koti la sikukuu mwilini. Mara hii asipoandikwa, nyingine itakuja miaka kumi au zaidi, na yeye hakuwa mjinga wa kuipigia hesabu miaka kumi.

Sasa, hiyo ahadi ya nyumba. Huku kwetu mtu anayehama hahami na masanduku peke yake, anahama na nyumba. Unaing'oa kwenye nguzo zake, unaipitishia magogo mawili marefu chini, unafunga jozi nane za maksai mbele, na unaomba majirani. Kuomba ndiko kazi, kuvuta ni sherehe. Hulipi mtu. Unakwenda mlango kwa mlango, kofia mkononi, na unayemwomba ni lazima kwanza akwambie kwamba hawezi, mgongo unamsumbua, maksai wake wamekonda, kisha akupe chai, kisha akubali. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kila mtu anajua iko siku ataomba yeye.

Filidor aliomba milango kumi na tisa ya Rilqueo, na yote kumi na tisa ilikubali. Akavuka mto akaomba Cholhue, nayo ikakubali, ila mlango mmoja. Huo ulikuwa wa shemeji yake, Ulises Cárcamo, kaka wa Baldramina, msimamizi wa kanisa anayesalisha watu padri asipokuwepo, yaani siku zote za mwaka isipokuwa moja. Ulises alimwacha amalize maneno yake yote. Hakumpa chai.

"Dada yangu alikungoja sana," akasema. "Na wewe ngoja kidogo."

Akafunga mlango, taratibu, kama anavyofunga milango ya kanisa.

Siku ya kuvuta ilibidi iwe ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, na mto pale mdomoni ukabaki kijito cha kuruka. Mvua iliwachelewesha siku tatu. Ya nne, mbingu zikatulia, na ikawa ndiyo siku moja kabla ya sensa. Hakuna aliyeona tatizo. Mwalimu Evaristo Andrade, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeletwa kutoka Castro kufundisha shule ya Rilqueo, ndiye aliyekuwa karani wa upande huu, na wiki nzima alikuwa amepita akiandika namba za chaki milangoni. Mlango wa Filidor ulipata ishirini na saba.

"Lakini siku ya sensa nitakuwa Cholhue, mwalimu," Filidor alimwambia.

"Basi utahesabiwa na karani wa Cholhue, mzee. Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia sensa. Mpaka ni mto. Ukilala huku ni wangu, ukilala kule ni wake."

Karani wa kule alikuwa Ulises. Filidor alilimeza hilo na kushukuru. Wala yeye, wala mwalimu, wala kijiji kizima hakikufikiria jambo ambalo, naamini, halijawahi kumpata mtu mwingine popote jamhuri ilipotuma makarani: kwamba nyumba inaweza kulala njiani.

Ilianza vizuri. Nyumba ilishuka kilima siku nzima ikiyumbayumba, vigae vyake vya mbao vikilialia, wanaume wakipiga kelele za kuwatia maksai moyo, na Candelaria Remolcoy, jirani wa karibu kuliko wote, akitembea nyuma na sufuria kana kwamba anasindikiza arusi. Jioni, maji yalipokupwa, wakaingia mchangani. Katikati kabisa ya mto, gogo la kushoto likalia mara moja na kukatika. Nyumba ikainama kidogo, ikajiweka vizuri mchangani, ikatulia. Mume wa Candelaria aliizunguka mara mbili, akatia mkono chini yake, akatoa uamuzi.

"Kesho asubuhi, maji yakikupwa tena. Leo hatuna gogo wala nguvu."

Wakala na kunywa ufukweni watu arobaini, milcao za moto, mikate yetu ya viazi, na pombe ya tufaha, kwa sababu mwenye nyumba hulisha watu nyumba ikifika au isifike. Candelaria akamwambia Filidor, "Utalala kwangu. Humo utaamka samaki."

Filidor akafikiri. Akilala kwa Candelaria, kesho mwalimu ataandika: mume, mke, watoto saba, na mgeni mmoja. Angehesabiwa, ndiyo. Angehesabiwa kama paka anavyohesabiwa, kwa kukutwa jikoni. Hakuwa ameingoja siku hii maisha yake yote ili aandikwe mgeni.

"Nalala kwangu," akasema.

Usiku wenyewe hatuna haja nao. Maji yalikuja mpaka kizingitini, yakachungulia ndani, yakaondoka.

Asubuhi saa mbili mto ulikuwa umerudi kuwa kijito, na Filidor alikuwa kwenye kigoda mlangoni, koti la sikukuu limefungwa vifungo vyote, kofia gotini, mashavu yamenyolewa kwa maji baridi. Watu walioshahesabiwa tangu alfajiri walishuka kutoka pande zote mbili, maksai wakafungwa nira, gogo jipya likaviringishwa. Kila mtu alijua wana muda mpaka saa tano, kabla bahari haijarudi. Na kila mtu alijua kwamba maji yakijaa, mashua ya kuchukua karatasi za sensa itaondoka kwenda Castro, na yaliyoandikwa yameandikwa.

Mwalimu Evaristo alifika wa kwanza upande wa Rilqueo, suruali imekunjwa, viatu vinaning'inia shingoni, mkoba wa ngozi umekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Karibu, mwalimu," Filidor akasimama. "Namba ishirini na saba ndiyo hii. Chaki yako hii hapa, hata maji hayakuifuta."

Mwalimu alisimama kwenye ukingo wa kijito, akatazama namba, akatazama maji, akafungua mkoba na kutoa kijitabu cha maelekezo. Akasoma. Akageuza ukurasa, akasoma tena. Uso wake ukawa mwekundu.

"Namba ni yangu, mzee. Lakini mahali... Eneo langu linaishia mtoni. Imeandikwa hapa, karani asivuke mpaka wake kwa sababu yoyote. Na mzee hukulala Rilqueo."

"Nililala nyumbani kwangu."

"Ndiyo, mzee. Lakini nyumba yako haikulala Rilqueo."

Candelaria, aliyekuwa akipuliza moto, aliinua kichwa. "Hicho kitabu kinasemaje juu ya nyumba zinazotembea?"

"Hakisemi kitu, mama. Waliokiandika wako Santiago. Nadhani nyumba za kule hukaa palepale zilipojengwa."

"Masikini," akasema Candelaria, na alisema kwa huruma kabisa.

Wakati huo Ulises Cárcamo alikuwa ameshuka upande wa pili. Alikuja polepole, mrefu, mweusi wa mavazi, na mkoba wake ulikuwa umeshafungwa. Jana hakuonekana hata kivuli chake wakati wa kuvuta. Macho yote yaligeuka kwake, na ya Filidor yalikuwa ya mwisho.

"Msinitazame mimi," akasema Ulises. "Nyumba za Cholhue ni ishirini na sita, nimezimaliza, wino umekauka. Huyu shemeji yangu bado hajafika Cholhue. Yuko njiani. Ndiyo desturi yake."

Watu wakatazama miguu yao. Utani wa mashemeji tunaujua, na huo haukuwa utani.

"Maneno yako yana haki, shemeji," Filidor akasema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Lakini leo nipo. Ona. Nipo nimekaa."

"Na sensa ile ya 1907 nilikuja mimi mwenyewe kwenye mlango huuhuu, wakati karani alikuwa mmoja kwa pande zote mbili. Sikukuta mwanamume. Nilimkuta dada yangu na fagio."

Filidor alikaa tena kwenye kigoda, kofia ikarudi gotini. Basi ndivyo itakavyokuwa: mara ya nne, na mara hii akiwa nyumbani kwake, amevaa, amenyoa, na makarani wawili mbele yake, mmoja kila mkono, na bado hapati hata mmoja wa kumwandika. Baldramina angecheka. Halafu akawaza kwamba pengine asingecheka.

Mume wa Candelaria akakohoa. "Jamani, bahari haisomi vitabu. Tuvute?"

"Ngoja," akasema mwalimu Evaristo. Alikuwa bado na kijitabu mkononi, lakini hakuwa akikisoma tena. Alikuwa akitazama chini ya nyumba. Kijana yule alikuwa mkali wa kanuni, lakini watoto wa Rilqueo walimpenda, na watoto hawapendi bure. "Mtu huhesabiwa alipolala. Si ilipolala nyumba, alipolala mtu. Mpaka ni mto, na mto leo ni hiki kijito, nacho kinapita chini ya sakafu. Tukijua kinapita wapi hasa, tutajua mzee alilala upande gani."

Ikawa kelele, kila mmoja akisema hilo ndilo alilokuwa akilifikiria tangu mwanzo.

Waliingia wanne: Filidor, mwalimu, Candelaria ambaye hakualikwa, na Ulises, aliyefuta miguu kizingitini ingawa sakafu ilikuwa na matope kuliko nje. Ndani palikuwa patupu. Vyombo vyote vilishuka kilima kwa toroli tangu juzi, isipokuwa kitanda. Kitanda hakikutoka kwa sababu kilikuwa sehemu ya ukuta: Filidor alikijenga mwenyewe kwa mbao za sipresi alizokuja nazo kutoka visiwani, ile safari ya kwanza, akakipigilia misumari ya mbao kama mtu anayesema haondoki tena. Baadaye akaondoka mara nyingi.

Wakainua ubao mmoja katikati ya chumba. Mchanga mkavu. Wakainua wa pili karibu na kitanda, na hapo kijito kikaonekana, chembamba, safi, kikikimbia chini ya sakafu kuelekea baharini. Mwalimu akapiga magoti, akaingiza kichwa tundu lile, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na mchanga kwenye nyusi.

"Kinapita chini ya kitanda," akasema. "Katikati ya kitanda. Kwa urefu."

"Yesu na Maria," akasema Candelaria.

"Upande huu wa mlangoni ni Rilqueo. Ule wa ukutani ni Cholhue." Mwalimu alikuwa ameshafungua kizibo cha wino, furaha imemjaa. "Basi limekwisha. Mwanamume hulala upande wa mlango, hata kwetu Castro ni hivyo. Ni wangu. Mzee, ulilala upande wa mlango, sivyo?"

Filidor alikitazama kitanda. Upande wa mlango ndio uliokuwa wake, mbao zilikuwa zimebonyea kwa uzito wake, ile miaka michache aliyokuwa nyumbani. Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja, na kalamu ingeshuka. Mwalimu alikuwa akimtazama kwa macho ya mtoto anayetoa zawadi. Na nje maksai walikuwa wakipiga kwato.

Lakini alikuwa amengoja sana. Ukikaa utu uzima wako wote nje ya kitabu, huwezi kuingia kwa uongo, tena uongo wa kitandani. Akamgeukia shemeji yake, si mwalimu.

"Nililala ukutani," akasema. "Ndio upande wake. Tangu mwezi wa saba silali pengine. Huu wangu sijaulalia hata siku moja."

Aliona haya baada ya kusema, haya ya kweli, mpaka masikioni, mtu mzima mbele ya mwanamke jirani na kijana wa shule. Candelaria aliona ni lazima atazame dirishani. Mwalimu alifunga wino wake polepole, kizibo kikamponyoka, akakitafuta sakafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ulises alikuwa akitazama mto wa kulalia uliokuwa ukutani, mmoja, na blanketi lililokunjwa kwa uangalifu wa mtu asiyejua kukunja. Kisha akavua kofia. Akavuta kile kigoda kutoka mlangoni, akakaa, akaweka mkoba magotini na kuufungua.

"Cholhue," akasema. "Nyumba ya ishirini na saba. Hata chaki haina haja ya kufutwa. Keti, shemeji, nisikuandike umesimama kama mshtakiwa."

Filidor akaketi ukingoni mwa kitanda, upande wa mlango. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Jina."

"Unalijua."

"Serikali hailijui. Jina."

"Filidor Chiguay."

"Umri."

"Sitini na miwili."

"Kazi."

Filidor aliwaza mashoka, makasi ya manyoya, kamba za meli, yote yaliyomweka mbali. "Mkulima," akasema, na ikawa kweli kuanzia hapo.

"Kusoma?"

"Sijui."

"Ndoa."

"Mjane."

Kalamu ilikwaruza. Neno hilo Ulises aliliandika polepole kuliko mengine. Kisha akasoma swali lililofuata bila kuinua macho, kwa sauti ileile ya kusomea litania.

"Waliolala ndani ya nyumba hii usiku wa kuamkia leo ni wangapi?"

Hili ndilo swali lenyewe. Hili ndilo Baldramina alikuwa akimsimulia juu ya chai, mwisho wa habari zote, na yeye akicheka. Filidor alifungua kinywa ajibu, na jibu likagoma. Lilikuwa dogo sana na chumba kilikuwa kikubwa. Akamwona mkewe amesimama kwenye mlango ule na fagio, mara ya kwanza akiwa bibi arusi wa mwaka mmoja, mara ya pili akiwa mama bila watoto, mara ya tatu nywele zikianza mvi, na kila mara mtu anamuuliza, na kila mara analitoa neno hilo mwenyewe, kwa mdomo wake. Miaka yote hiyo alidhani alikuwa akimsimulia kichekesho. Mwanamume mzima alihitaji kulisema yeye ili ajue lina uzito gani.

"Ulipomuuliza wewe," akasema hatimaye, "alijibuje?"

Ulises aliweka kalamu juu ya karatasi, akaiondoa haraka isichafue.

"Alisema mmoja. Halafu akaniuliza kama hakuna mahali pa kuandika kwamba mwingine yuko njiani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hakuna." Ulises akanyoosha karatasi gotini. "Nilikuwa na hasira nawe. Ningeweza kumwambia vizuri zaidi. Lakini kweli, mahali hapakuwepo."

"Na leo papo?"

"Hapana, shemeji. Nimeitazama karatasi yote. Hapapo."

Filidor akatikisa kichwa taratibu kukubali. Nje mume wa Candelaria aliita kwamba maji yamegeuka.

"Mmoja," akasema Filidor. "Andika mmoja."

Ulises akaandika, akapuliza wino, akakunja karatasi na kumkabidhi mwalimu mkoba wote, kalamu na kila kitu, kama mtu anayetua mzigo. Kisha akatoka nje, akavua koti lake jeusi, akampa Candelaria alishike. Akaenda mpaka mbele ya safu, akachukua fimbo ya kuongozea jozi ya kwanza kutoka mkononi kwa kijana wa Cholhue.

"Kosa ni la gogo la jana tu, si la mtu," akasema kwa watu wote. "Haya. Vuta."

Mwenye nyumba hubaki ndani nyumba inapovutwa, ndiyo desturi yetu. Filidor alisikia kelele za watu arobaini zikipanda kwa pamoja, akasikia shemeji yake akiwatukana maksai kwa matusi ambayo msimamizi wa kanisa hakupaswa kuyajua, na sakafu ikatikisika, ikajivuta, ikaanza kwenda. Kupitia ubao ulioinuliwa aliona kijito kikihama kutoka chini ya kitanda, kikapita chini ya miguu yake, kikafika mlangoni, kisha kikaisha, ukaja mchanga, kisha kokoto, kisha majani ya Cholhue.

Mwili ulimtuma ajilaze. Kwa miezi mitano mwili wake ulikuwa ukienda ukutani wenyewe, bila kumuuliza. Safari hii aliukataza. Alijinyoosha upande wa mlangoni, kwenye mbao zilizobonyea, zikampokea kwa mlio zilioujua, na ule wa ukutani akauacha wazi, blanketi limekunjwa, mto umewekwa vizuri. Kutoka dirishani lilionekana kanisa, na kando ya kanisa msalaba ambao rangi yake ilikuwa bado mpya. Mwanamke yule alikuwa kwao. Filidor alilia kidogo, bila haya sasa, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Nyumba ikasimama. Kelele zikageuka kuwa kicheko na pumzi. Chini ufukweni bahari ilikuwa imeshalifunika shimo lililoachwa na nyumba, na mwalimu Evaristo alionekana akikimbia kuelekea mashua, mikoba miwili kifuani, viatu bado shingoni.

Nyayo zikapanda kizingiti. Mtu akagonga mlango, juu kidogo ya namba ile ya chaki. Ilikuwa sauti ya Ulises, inahema, imepasuka kwa kupiga kelele, na hakuwa tena na karatasi wala kalamu.

"Hodi humu. Mko wangapi?"

Filidor aliinuka akafuta uso kwa mkono wa koti la sikukuu.

"Wawili, shemeji," akajibu, akaenda kufungua.